Nyumba Inayopakana na Shule

Dalali aliingia bila hodi, nyuma yake mtu mrefu aliyeshika kofia mkononi kama anayeingia msibani. Mwalimu alikuwa mezani na madaftari ya darasa la saba mbele yake, miguu yake imezama kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Hakuona sababu ya kuitoa. Hao walikuwa wageni wa sita wiki ile.

"Karibuni," alisema, maana neno hilo humtoka mtu lenyewe hata moyo usipokaribisha.

"Usijisumbue, mama. Tunatazama tu," dalali alijibu, naye tayari ameshafika chumbani.

Walitazama. Walibonyeza swichi, wakafungua mfereji wa maji, wakagonga mlango wa choo kwa vifundo vya vidole. Yule mtu mrefu alipapasa kila ufa ukutani kwa kidole gumba. Jikoni, dalali alisukuma dirisha likafunguka lote. Hatua kumi tu kutoka pale ulisimama ukuta wa shule, na juu yake paa la darasa la saba.

"Mzee, usihangaike na nyufa," dalali alisema kwa sauti ya mtu anayetoa siri. "Unachonunua wewe ni kile pale. Nyumba ni nyongeza. Shule imeshika nafasi ya tatu wilaya nzima, na watoto wa mitaa hii minne ndio wanaopokewa kwanza. Mzazi atauza kitanda alipe kodi ya hapa."

Mwalimu alisahihisha daftari jingine. Alikuwa mkuu wa shule hiyo mwaka wa kumi na mbili sasa.

Alipoikuta, watoto walikuwa wakihamisha madawati kukwepa matone ya mvua, na walimu walikuwa wakiingia saa wanayotaka. Majirani walikuwa wakilalamika mawe ya watoto yanavunja vioo vyao. Hakuleta miujiza. Aliwahi kufika, basi, akawa anapiga kengele mwenyewe saa moja na nusu kila siku, hata watoto wakambandika jina la Mama Kengele. Kisha akapata walimu wanane waliopanga vyumba mle mle mtaani, wakakubaliana kubaki na watoto wazito wa kuelewa mpaka saa kumi na mbili jioni, bila posho, wakinywa chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki. Mwaka wa tano matokeo yakaanza kusemwa. Mwaka wa saba magari yakaanza kupunguza mwendo mbele ya geti. Ndipo kila mwenye banda la kuku akalipiga rangi na kuliita nyumba.

Nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa ya Bibi, mjane aliyeishi upande wa mbele. Bibi hakuwahi kumwongezea kodi kwa kumvizia. Alikuwa akisema kwanza, wakavutana kidogo, wakaafikiana. Ila sasa magoti yalikuwa yamemgomea, na mwanawe wa kwanza alikuwa amemtaka akaishi kwake, mbali.

"Ningekuuzia wewe, mwanangu," Bibi alimwambia jioni ile wageni walipoondoka. "Nilikwambia mwaka ule. Ungenunua kwa bei ya mbuzi."

"Mwaka ule nilikuwa na binti chuoni, Bibi. Na nani angenunua nyumba inayopigwa mawe?"

"Wewe ndiye uliyeyakomesha mawe."

"Ndiyo. Nikapandisha na bei."

Wakacheka, lakini kicheko kifupi, kila mmoja akitazama upande wake.

Kesho yake yule mtu mrefu alirudi peke yake. Safari hii alibisha hodi, akangoja mpaka akaitikiwa. Alijitambulisha kuwa ni fundi wa lifti. Miaka thelathini na moja amekuwa akining'inia kwenye mashimo ya maghorofa ya watu, na sasa anastaafu. Majirani baadaye walimwita Fundi Lifti, na jina likamkaa.

"Nimeambiwa na Bibi kwamba wewe ndiye mwalimu mkuu," alisema. "Dalali hakulitaja hilo."

"Dalali analipwa kutaja mengine."

Alitabasamu, akaketi ukingoni mwa kiti. "Mwalimu, mimi si tajiri. Ni kiinua mgongo changu, basi. Mke wangu ana sukari, na mimi mgongo huu hauninyanyui tena. Tunataka kitu cha kutulisha. Sasa niambie kama mtu mzima kwa mwenzake: shule hii itabaki hivi?"

Mwalimu alimtazama. Angeweza kumtisha akaondoka, naye akapata miezi mingine ya kulala karibu. Lakini wa saba angekuja, na wa nane. Na uongo ulimtaka nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Shule si lile paa," alisema. "Ni watu tisa wanaolala karibu. Wanaweza kubaki na watoto mpaka jioni kwa sababu wakitoka wanafika nyumbani kwa miguu. Wakibaki wao, itabaki."

"Na watabaki?"

"Hilo liulize kodi."

Fundi Lifti alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati huku akiwaza jambo jingine. Alishukuru, akaondoka. Baada ya wiki tatu nyumba ilikuwa yake, na Bibi akapakiwa kwenye gari la mwanawe na masanduku mawili na jiko lake la mafuta, akiwapungia mkono hata watu waliokuwa hawamjui.

Hakuwa mtu mbaya, Fundi Lifti. Alitengeneza choo kabla ya kuombwa. Alibadilisha nyaya zilizokuwa zikitoa harufu. Mwezi wa tatu alikuja na barua, naye akaisoma mwenyewe kwa sauti, labda kwa kuona aibu kuikabidhi na kukimbia. Kodi ingekuwa mara mbili na zaidi kidogo.

"Mke wangu na mimi tumekaa nalo sana," alisema. "Nyumba zote za mtaa huu zimeshafika hapo, Mwalimu. Mimi si wa kwanza."

"Najua. Hao wapangaji wapya nawasainia barua za kuandikisha watoto. Naziona anwani."

"Kuna mtu ameniambia atalipa mwaka mzima mbele."

"Basi mchukue."

"Huna neno?"

Alikuwa nayo mengi. Siku hiyo alikuwa amesimama darasani tangu asubuhi kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa na mgonjwa hospitalini, na kesho alikuwa na wakaguzi. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Vitabu ni vingi."

Alihamia ng'ambo ya pili ya mji, kwenye chumba na sebule nyuma ya duka la vitambaa. Kutoka pale hadi shuleni ilikuwa mabasi mawili na kipande cha kutembea. Siku ya foleni nzuri, saa moja na robo. Siku mbaya haikuwa na jina. Alianza kuamka saa kumi alfajiri. Bintiye alimpigia simu kila Jumapili.

"Mama, staafu."

"Nimebakiza miaka miwili na nusu."

"Wanakulipa nini cha kukufanya ujiue?"

"Watoto wa darasa la saba wana mtihani."

"Kila mwaka wana mtihani, Mama."

Hilo lilikuwa kweli, akauliza habari za mjukuu.

Baada yake waliondoka wengine. Mwalimu wa Hesabu, kijana mwenye kipaji kuliko wote, aliyeweza kumfanya mtoto apende sehemu na asilimia kama mchezo wa karata, alikuwa na mapacha wa miezi tisa. Nyumba yake ilinunuliwa na daktari mmoja, ikabomolewa ukuta wa kati, ikapangishwa kwa familia yenye watoto watatu wa kuandikisha. Mwalimu wa Sayansi alirudi kwa wazazi wake, umri wa miaka thelathini na minne. Mwingine aliomba uhamisho, akapata. Kufikia mwisho wa mwaka, kati ya wale tisa alikuwa amebaki mtaani mmoja tu, naye ni kwa kuwa alimwoa binti wa mwenye nyumba.

Masomo ya jioni hayakufutwa. Hakuna aliyeitisha kikao. Siku moja ya Jumanne Mwalimu wa Hesabu alikuja ofisini saa kumi na nusu, begi begani.

"Mama, nisamehe. Basi la mwisho la kwetu linaondoka saa kumi na moja na nusu. Jana nililikosa, nikatembea. Nimefika watoto wamelala."

"Nenda, mwanangu."

"Nitawapa kazi za nyumbani."

"Nenda."

Akabaki yeye na watoto kumi na saba wazito. Aliwafundisha wiki mbili. Wiki ya tatu, katikati ya swali la kasi na umbali, alisinzia akiwa amesimama, chaki mkononi. Hakuna mtoto aliyecheka, nalo hilo ndilo lililomuumiza. Msichana mmoja alimletea kiti. Siku iliyofuata aliwaruhusu saa kumi pamoja na wenzao.

Mwaka ule shule ilishika nafasi ya kumi na tisa. Mwaka uliofuata, ya thelathini na moja. Wazazi waliokuja kwa sababu ya matokeo waliondoka kwa sababu ya matokeo. Hawakuwa na deni la mapenzi kwa mtaa. Walisikia kuna shule nyingine upande wa kaskazini inapanda, wakafungasha. Kwenye milango iliyopakwa rangi mpya vikaanza kutundikwa vibao: *Nyumba inapangishwa. Maji na umeme ndani.* Neno "karibu na shule", lililokuwa likiandikwa juu kwa herufi kubwa, lilishushwa chini, halafu likaachwa.

Fundi Lifti alifika ofisini siku ya joto, kabla ya mapumziko. Alikuwa amepungua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokwaruzika mguu mmoja, akaweka kofia gotini.

"Mwalimu, mimi sikuja kugombana."

"Ukitaka kugombana, subiri kengele ilie. Sasa hivi wanasoma."

"Nyumba ina miezi minne tupu," alisema. "Yule wa mwaka mzima alihama. Nimepunguza kidogo, hapana mtu. Mke wangu anasema tuuze, dalali ananiletea bei ya kunitukana. Nataka kujua tu: shule imekuwaje? Jengo ni lile lile. Mkuu ni wewe yule yule. Mlilegea?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Hasira ilimjia, lakini ilikuwa imechelewa kama basi la jioni. Ilipofika alikuwa ameshachoka kuingoja.

"Tulihama," alisema.

"Ninyi?"

"Sisi. Mimi ni mabasi mawili kuja, mawili kurudi. Mwalimu wa Hesabu ni zaidi yangu. Mliponunua zile nyumba mlilipa bei ya kazi yetu ya jioni. Kisha mkatutoza sisi bei hiyo hiyo, hatukuiweza. Tukaondoka na kazi yetu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, Fundi. Ninyi hamkuchovya hata. Mliinamisha buyu."

Nje, sauti za watoto walioimba jedwali la saba ziliingia kwa dirisha, zikapotea walipofika saba mara nane.

"Ulinieleza," Fundi Lifti alisema mwisho. "Siku ile. Nilisikia ukisema watu tisa, nikadhani ni maneno ya walimu."

"Ni maneno ya walimu."

"Kazini kwetu, mtu akipanda lifti anaona vitufe tu, hamwoni fundi. Nilikuwa nawacheka." Alipapasa ukingo wa kofia. "Rudi, Mwalimu. Kwa kodi ile ya Bibi. Kesho ukitaka, naleta gari nikuhamishe."

Hakuwa ameitazamia hiyo. Kwa kitambo aliona jikoni, dirisha, hatua kumi. Aliona saa moja na robo zake, mbili kwa siku, akirudishiwa mkononi. Akaona pia masanduku, na kabati lile lisilopita mlangoni mpaka livuliwe milango, na yeye tena akizoea usiku wa chumba kingine.

"Nimebakiza miezi minane," alisema. "Kuhama mara moja kunatosha uzee wangu. Mpe Mwalimu wa Hesabu. Ana watoto wawili wadogo. Upande wa mbele, alikokuwa Bibi, mweke Mwalimu wa Sayansi. Mama yake amechoka kumpikia."

"Wote wawili? Kwa kodi ya zamani?"

"Hawana nyingine."

"Nitamwambia nini mke wangu?"

"Mwambie nyumba tupu haina kodi hata ya zamani."

Fundi Lifti alicheka kidogo, kicheko kilichogeuka kikohozi. Hakusema ndiyo. Alisimama, akakisukuma kiti mahali pake kwa uangalifu, akatoka. Mwalimu aliamini kwamba hatamwona tena.

Siku tisa zilipita. Ya kumi, Mwalimu wa Hesabu aliingia ofisini bila begi, saa kumi na moja kasoro, akasimama tu.

"Huendi?" Mwalimu alimuuliza. "Basi litakuacha."

"Nimeshafika, Mama. Nimehamia jana. Mke wangu anasema jikoni pana dirisha linalogoma kufungika, akaambiwa ndivyo lilivyo." Alijikuna shingo. "Mwenye nyumba ametutaka jambo moja tu. Anataka kujua watoto wazito ni wangapi."

"Kwa nini?"

"Sijui. Amesema anataka kujua."

Walianza tena siku mbili kwa wiki, kisha tatu. Si kama zamani. Mwalimu aliyetaka uhamisho hakurudi, na wanne waliosalia mbali waliendelea kukimbilia basi, haki yao. Wenye nyumba wengine walimcheka Fundi Lifti barazani kwa kinyozi, wakasema lifti zimemtikisa ubongo. Mmoja wao, mama mwenye vyumba vitatu vilivyokuwa vitupu tangu mvua za kwanza, alicheka kuliko wote, na mwezi uliofuata akatuma mtu kuuliza kama kuna mwalimu mwingine anayetafuta chumba. Daktari hakuuliza. Aliuza, akanunua upande wa kaskazini, karibu na shule ile inayopanda.

Mwalimu alistaafu kabla ya matokeo. Walimpa kabati la vyombo na hotuba nne. Afisa elimu alikosea mwaka aliofika, akamwongezea miwili. Fundi Lifti alikuja na mkewe, mwanamke mnene mwenye macho makali, aliyemshika Mwalimu mkono muda mrefu.

"Mume wangu aliniambia nyumba tupu haina kodi," alisema. "Nikamwambia, hilo si lako, limetoka kwa mtu. Akakataa kutwa nzima."

"Na sasa mnaishije?"

"Kwa kubana. Mimi nimeanza kuuza maandazi pale getini. Hatukufa." Akaangalia uwanja. "Lakini usidhani sikukasirika. Nilikasirika sana."

"Na mimi pia," Mwalimu alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

Miezi iliyofuata alilala. Alilala mchana kama mgonjwa, akaamka jioni na alama za mkeka shavuni, akaoga, akalala tena. Bintiye alifika akidhani ni maradhi, akakaa siku nne, akaona ni usingizi tu wa miaka uliokuwa ukidai, akaenda zake. Matokeo yalipotoka, Mwalimu wa Hesabu alipiga simu, nyuma yake mapacha wakilia kwa zamu. Shule ilikuwa imepanda nafasi kumi na moja.

"Ya ishirini," Mwalimu alisema baada ya kutoa hesabu.

"Ya ishirini, Mama. Si ya tatu."

"Na watoto wazito, walifaulu wangapi?"

"Kati ya wale ishirini na mbili, kumi na wanne."

"Na wale wanane?"

"Watarudia. Wawili wazazi wamewahamisha."

"Basi endeleeni," alisema, akaketi kitandani na simu mapajani mpaka kioo chake kikazimika. Kumi na wanne. Alijaribu kufurahi, akaona furaha yenyewe ipo, ila imekaa mbali na haina haraka ya kuja.

Alasiri ile mwenye nyumba wake, yule mama wa duka la vitambaa, alimletea bakuli la uji na kiti chake mwenyewe, ishara kwamba alikuwa na neno refu. Mjini habari haina mguu lakini hufika.

"Dada, kumbe wewe ndiye uliyeinyanyua shule ile ya ng'ambo. Miaka yote hii unakaa kwangu umenyamaza."

"Nilikuwa nalala."

"Hii shule yetu hapa chini imekufa. Unaijua? Ile yenye ukuta ulioanguka. Kamati inatafuta mtu. Si kufundisha, la. Kuongoza tu, kushauri. Wenye nyumba wote wa mtaa tutakuunga mkono."

"Nyote?"

"Wote. Mpaka yule mchoyo wa kona."

Mwalimu alikunywa uji. Ulikuwa mzito, wenye pilipili manga, na ulimpasha mpaka masikioni. Kwa pembeni ya mlango uliokuwa wazi aliona watoto wakitoka shule saa nane mchana, saa ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuwa barabarani, wakipiga kopo teke.

"Nipe mwezi mmoja nimalize usingizi," alisema. "Halafu, kabla sijaonana na kamati, mimi na wewe tuandikiane. Kodi ya chumba hiki isipande kwa miaka sita. Na mwalimu yeyote atakayekuja kupanga mtaa huu, iwe hivyo hivyo, kila mwenye nyumba aweke sahihi."

Mama wa vitambaa aliweka mkono kifuani. "Dada, si tunaaminiana?"

"Tunaaminiana," Mwalimu alisema. "Lete karatasi."

Mwenye nyumba alikaa akimtazama, akipima kama anatania. Kisha aliinuka, akaenda dukani kutafuta kalamu.